Uliza Ami: Stelingi ya gemu, nichukue gani?

Tangu toleo lililopita nilipogusia gemu za magari maswali yamenijia mpaka ya simu na tivii yamekaa kando, na karibu yote ni stelingi stelingi stelingi. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale ya "Ami nikopeshe ninunue" nimeyaacha hapo hapo yalipo.

Salaam aleikum Ami. Niko Bamburi, nna PS4, ile PlayStation, na nikijaaliwa nataka kuhamia PS5. Nacheza sana Gran Turismo 7 na pedi imenichosha. Kuna jamaa wa mitumba ya elektroniki huku mjini ana stelingi ya Logitech G920, safi, haina mkwaruzo, bei imeshuka kweli, na ati inafanya kote, PS, Xbox, kompyuta. Nichukue ama ningoje G29? Si ni kitu kimoja hizi? — Kijana wa Bamburi

Waaleikum salaam mwanangu. Usichukue. Pesa zako weka mfukoni kwanza tuzungumze.

Kwa ndani hizo mbili ni ndugu kweli, zilitoka pamoja 2015, mota mbili mbili, meno ya gia yale yale, na usukani unazunguka digrii 900 yaani raundi mbili na nusu toka mwisho huu mpaka mwisho ule, pedali tatu za chini na klachi ikiwemo. Lakini G29 ni ya PS, inakubali PS3, PS4 na PS5, na G920 ni ya Xbox, basi. Wanapokutana ni kwenye kompyuta tu, na hapo ndipo hao wauzaji wanapopata hilo neno "kote".

Wengi wanadhani ni mambo ya setingi, ati ukisasisha itakubali. Haikubali. Ukichomeka kitu kwenye PS, mashine inakiuliza wewe nani, na kile kitu lazima kijibu kwa siri ambayo Sony wenyewe ndio waliompa mtengenezaji. Xbox nao wana yao. Stelingi isiyo na jibu inawaka taa vizuri tu, unaiona nzima, na gari halisogei. Kuna vijisanduku vya kuchomeka katikati vya kuidanganya mashine, unakiunga na pedi yako ya asili ili ndiyo ijibu kwa niaba, na vingine vinafanya kazi, lakini sasisho la mashine likija unaweza kuamka asubuhi umebaki na pambo. Kwa bei ya stelingi ya mtumba ukijumlisha na bei ya kisanduku, si ungenunua inayotakiwa toka mwanzo?

Kuzitambua hata bila boksi ni rahisi. Tazama vitufe. Ukiona pembetatu, duara, msalaba na mraba, hiyo ni ya PS. Ukiona A, B, X, Y, hiyo ni ya Xbox. G29 tena ina kile kidude chekundu cha kuzungusha na vitaa juu vinavyopanda kadri injini inavyolia, G920 haina hivyo vitaa. Hii ya vitufe itakufaa hata kwa G923 ya 2020, maana ile jina ni moja lakini ziko mbili, ya PS na ya Xbox, na mtu akikuuzia kwa jina tu bila kukuonyesha sura yake, ondoka.

Sasa ukipata G29, usinunue kwa macho. Beba PS yako, ndio, ibebe kwenye begi, usione haya. Kwanza dai adapta yake ya umeme, kwa sababu bila hiyo stelingi haina nguvu mkononi, na mitumba mingi inakuja adapta imebaki huko ilikotoka. Pili, kuna kiswichi kidogo kinaandikwa PS3 na PS4, kiweke PS4 hata kama mashine ni PS5, kuna watu wameuza stelingi nzima kwa bei ya chuma chakavu kisa hicho kiswichi kilikuwa PS3. Tatu, chomeka umeme na USB, utoe mikono, utazame. Lazima usukani ujizungushe wenyewe kulia na kushoto mpaka mwisho kisha urudi katikati. Usipojizungusha, ama ukakwama njiani, ama ukasimama upande, mwambie ahsante uende zako. Kelele ya meno kusagana kidogo ni tabia yake, usishtuke, ila ukisikia tak tak kama jino limeruka, hapo pana ugonjwa. Mwisho ingia kwenye gemu ukanyage kila pedali polepole sana ukitazama mstari wake kwenye skrini, upande laini, usiruke.

Ukipata Thrustmaster T300RS kwa pesa inayokaribiana mimi ningeifikiria kwa dhati. Ile inatumia mkanda badala ya meno, ni laini zaidi mkononi, ina nguvu kuliko G29, inazunguka digrii 1080, na PS5 inaikubali. Pedali zake za chini zile mbili ndizo nyonge kidogo. Lakini usiniruke ukaenda kununua T80 kwa kuwa ni Thrustmaster pia, ile haina mota, inarudishwa na mpira tu.

Ami hujambo. Mwanangu ana miaka tisa, babake yuko melini, kamwachia Xbox One. Sasa kila siku ni kulia stelingi. Nimeona moja ya Kichina ina taa za rangi rangi, boksi limeandikwa inatetemeka, na bei si mbaya. Nyingine ninazotajiwa bei zake nikapiga moyo konde nikarudi nyumbani. Kuna tofauti gani? — Mama wa Tudor

Sijambo dada yangu, na babake Mola amrejeshe salama. Tofauti iko na ni kubwa. Kutetemeka ni kile kitu cha simu ikiitwa, kuna kijimota kinazungusha kijiwe basi. Stelingi ya bei ina mota inayovuta usukani wenyewe, gari likiteleza nyuma unahisi mikono inavutwa, tairi likipanda ukingo unapigwa, ukikata kona kwa kasi unakuwa mzito, na ukiuachia unarudi wenyewe. Hiyo ndiyo watu wanayolipia, taa ni mapambo.

Lakini kwa mtoto wa miaka tisa mimi sitokwambia ukope. Mguu wake ufike chini kwanza! Mkalishe kwenye kiti cha mezani, mgongo uguse nyuma, utazame kama nyayo zinakanyaga sakafu sawasawa, kama zinaning'inia basi pedali hatozifika na ataishia kusimama akiendesha. Kama ni gemu za kukimbizana mtaani na kuruka milima, kwa pedi atafurahi zaidi, mimi mwenyewe hizo nazichezea pedi. Ukitaka umnyamazishe kwa haki, tafuta ile ya Hori Overdrive, haina mota, inazunguka digrii 270 tu, lakini imetengenezwa kwa idhini ya Xbox, unachomeka inafanya. Hizo za taa nyingi nyingi zinataka uichomeke pedi ya asili ndani ya stelingi ndiyo Xbox ikubali, na pedi ikiharibika na stelingi imekufa pamoja nayo. Muulize muuzaji hilo kabla ya lingine lolote.

Sabalkheri Ami. Nna kibanda cha PS hapa Majengo, wateja wangu ni vijana wa gemu za mpira. Nataka niweke kona moja ya magari, PS4 na stelingi, nitoze zaidi kidogo. Ipi itavumilia mikono ya watu? Na je nitaifunga wapi, meza zangu ni zile nyembamba. — Mwenye kibanda

Sabalkheri ndugu yangu. Wazo zuri, lakini pesa zako zitakufa kwenye meza, si kwenye stelingi, ndiyo maana nimefurahi umeuliza.

Stelingi chukua G29, iishe. T300 naisifu lakini ina mkanda na feni ndani, na ikitumiwa mfululizo kwenye joto nguvu yake inapungua, sasa weka chini ya mabati Majengo mwezi wa pili mchana kutwa watu wanapokezana uone. G29 inapiga kelele, sawa, kwani kibanda chako kimekuwa maktaba? Punguza nguvu ya usukani kwenye setingi za gemu, iweke nusu hivi, mota zitadumu na vidole vya watu pia.

Sasa meza. Ile stelingi ina vibano viwili vya plastiki vya kukazia kwenye ubao. Kwa mtu mmoja nyumbani vinatosha, kwa kibanda havifiki mbali, kijana akikosa kona anauvuta usukani kama anang'oa muhogo, na meza nyembamba itayumba mpaka tivii iyumbe. Chini yake kuna matundu ya bolti, za milimita 6, tumia hayo. Toboa ubao, kaza kwa chini, usahau habari ya vibano.

Pedali ndio balaa lenyewe. Zina meno ya kushikia zulia, na sisi hapa sakafu ni simiti ama taili, kwa hivyo mtu akikanyaga breki kwa nguvu pedali zinakimbia mbele na kiti cha plastiki kinakimbia nyuma, anabaki amejinyoosha kama yuko ufukweni. Watu wanazuia kwa matofali, wanagandisha kwa selotepu, wengine wanaegemeza ukutani, halafu kiti kinaendelea kurudi nyuma. Fanya hivi: mwite fundi seremala akufungie mbao mbili ndefu chini zilale sambamba, juu yake akaze kiti kwa nyuma, pedali kwa mbele, na ubao wa stelingi usimame katikati, vyote kwenye mbao zile zile. Mguu ukisukuma pedali mbele, mgongo unasukuma kiti nyuma, na kwa kuwa vimefungwa pamoja nguvu zinamalizana zenyewe, hakiendi kitu popote hata kwenye taili iliyomwagika maji. Mwambie atoboe matundu mengi mengi upande wa pedali, kila hatua ya vidole viwili, ili mrefu na mfupi wote wapate pa kukaa, na pedali azikaze zikiwa zimeinuka kidogo kwa mbele, kisigino kitulie. Kiti usiweke cha magurudumu, hata upewe bure.

Kitu kingine, stima. Ikipotea na kurudi, stelingi inajizungusha yenyewe kwa nguvu kutafuta katikati, na ukiwa na mtoto amepitisha mkono kwenye zile nafasi za usukani ataumia. Waambie wateja, stima ikikatika mikono chini. Na ichomeke kwenye kile kifaa cha kulinda umeme unachowekea friji, adapta ya G29 ikiungua kuipata nyingine ya sawasawa ni kutafuta.

Ami, nna G27 ya zamani, itafanya PS4? — Likoni

Haifanyi. PS2, PS3 na kompyuta tu. Ina mota nzuri na inakuja na kijiti chake cha gia, muuzie mwenye kompyuta, watu wa gemu za malori wanaitafuta.

Ami, nataka stelingi nichezee GTA V kwenye PS yangu. — Kisauni

GTA V kwenye PS haiitambui stelingi. Kabla hujanunua yoyote soma kwanza gemu zako zipi zinakubali, za mashindano ya kweli karibu zote zinakubali, hizi za kuiba magari, mmh.

Ami, mimi niko Nyali, pesa si tatizo alhamdulillahi, nataka ile ya mota moja kwa moja, haina mkanda wala meno. Nna PS5, lakini nyumbani pia kuna Xbox Series X ya ndugu yangu. Kuna inayofanya zote mbili? — Wa Nyali

Hongera bwana, wengine tuombee. Hizo usukani umekaa moja kwa moja kwenye shafti ya mota, hakuna kitu katikati, kwa hivyo unahisi hata kokoto. Nguvu yake inapimwa kwa nyutoni mita, G29 ina mbili na kitu hivi, CSL DD ya kampuni ya Fanatec inaanzia 5 na ukiongezea adapta kubwa inafika 8. Mtu ambaye hajazoea hiyo 8 inampinda kiganja.

Kuhusu zote mbili, kwa Fanatec ruhusa ya PS inakaa kwenye mota, ruhusa ya Xbox inakaa kwenye usukani wenyewe ule unaoshikwa. Kwa hiyo mtu akinunua mota ya PS, mfano ile Gran Turismo DD Pro, kisha akaongeza usukani ulioandikwa wa Xbox, atacheza kote kwa mota moja. Ndiyo njia. Ila ile CSL DD ya kawaida bila jina la Gran Turismo PS haiijui kabisa, na kwa macho zinafanana, usije ukaagiza Dubai ikafika ukaniletea mimi lawama. Za kampuni ya Moza, R5 ni ya kompyuta, R3 iko ya Xbox, hizo kwa PS5 yako sahau.

Na meza ya kioo niliyoiona kwenye picha uliyotuma, yakhe, hapana. Mota ya aina hiyo inataka fremu ya chuma iliyokazwa bolti. Ukikosa pesa ya fremu, ambayo kwako si tatizo umesema, nunua mota ndogo ununue na pedali nzuri, ile breki inayopima uzito wa mguu badala ya umbali. Kwenye muda wa lepu, yaani mzunguko mmoja wa uwanja, breki hiyo itakusaidia zaidi ya mota kubwa, kwa sababu mguu unakumbuka nguvu ulivyokanyaga kuliko unavyokumbuka ulifika wapi.

Ami shikamoo. G29 yangu gari linajifunga breki lenyewe kwenye barabara iliyonyooka, wakati mguu wangu uko mbali. Nakaa Mji wa Kale, dirisha langu linatazama bahari. Imekufa? — Mjukuu wako

Marahaba mjukuu wangu. Haijafa, imeingia chumvi na vumbi. Ndani ya kila pedali kuna kipimo kidogo cha mviringo, kijiulimi kinateleza juu ya kijia chembamba cha kaboni, na hapo ndipo mashine inapojua umekanyaga kiasi gani. Uchafu ukikaa, kijiulimi kinaruka, na mashine inadhani umekanyaga. Upepo wa bahari ndio rafiki wa kila kitu hapa ila vitu vya umeme.

Anza na rahisi, chomoa waya wa pedali pale chini ya stelingi, ule wenye pini tisa, tazama kama kuna iliyopinda au kuota kijani, urudishe ukiusukuma mpaka mwisho. Ikiendelea, geuza pedali, fungua skrubu za chini, pulizia dawa ya kusafisha koneksheni za umeme kwenye kile kipimo cha breki, si ile dawa ya kulegeza nati zenye kutu maana ina mafuta, halafu ukanyage ukanyage mara nyingi, uache ikauke kabla ya kurudisha umeme. Humo ndani utaona kipande cha mpira kwenye breki, hicho si ubovu, ndicho kinachofanya iwe ngumu mwisho wa kukanyaga, kirudishe. Usiku funika zote kwa kanga, na dirisha likiwa wazi hamisha meza.

Ami, mimi wa Mikindani. Nna PS5 na G29, nimenunua ile gemu ya WRC ya EA sababu ina Safari Rally yetu. Nataka breki ya mkono ya kuvuta, nimeona za USB mtandaoni. Na mbona kwenye kona kali mikono haifiki? — Rali

Hiyo ya USB ukiichomeka peke yake PS5 haitoiona, ni habari ile ile ya Bamburi hapo juu, hizo ni za kompyuta. Usitupe pesa.

Mikono haifiki kwa kuwa digrii 900 ni nyingi kwa rali. Ingia setingi za gemu upunguze mzunguko, ukae kama 540, utaona unakata kona bila kubadilisha mikono. Gia tumia zile papi za nyuma ya usukani, magari ya rali siku hizi ni ya kusukuma na kuvuta gia, klachi ya mguuni utaihitaji mwanzo wa mbio tu.

Breki ya mkono iweke kwenye kitufe ambacho gumba lako la kulia linakifikia bila kuachia usukani. Kumbuka vitufe vinazunguka pamoja na usukani, kwa hivyo bonyeza kabla hujaanza kukata, ukichelewa kitakuwa kimehamia juu na wewe unakitafuta chini. Na pale Naivasha kwenye fesh-fesh, lile vumbi laini lenye kina, usikishikilie, kigonge mara moja kisha uachie, kitufe hakina nusu, kinavuta yote ama hakivuti.